Ule Hajasema Hanijui

Kila siku ya yenga Papa Gasana alikuwa anafuata misa inje, chini ya dirisha. Bibi yake Mukabaranga anaingia, babinti yake bawili banaingia, mulango inafungwa, yeye anabakia pale mu majani, fimbo katikati ya magoti, imbwa yake pembeni. Wakati bantu ya ndani banapiga magoti, yeye anatosha kofia. Wakati banaimba, anakohoa.

"Baba Mukarugwiza," bibi yake akamuuliza siku moja njiani, "siku ya mwisho utaingia mbinguni kupitia dirisha?"

"Kama ku mulango kuko Narcisse, nitapita dirisha."

Hata batoto bakacheka. Kila muntu wa Nyamitaba alimujua katekista Narcisse, vile anasimamaka ku mulango ya kanisa akiangalia nani amechelewa, nani amevaa hirizi, nani ananuka pombe ya kasiksi ya jana.

Mukabaranga alikwisha kubatizwa zamani, na Daphrose, ule mutoto wa mwisho, alibatizwa akiwa angali ku ziwa ya mama. Balibakia bawili: Gasana na binti yake wa kwanza, Mukarugwiza. Mukarugwiza alikuwa anakaribia miaka kumi na tano. Alikuwa mutoto wa sauti kidogo. Ukimuuliza jina yake, anaangalia vidole ya miguu kama vile jina iko imeandikwa kule. Pasaka ile njo alipaswa kubatizwa, na alikuwa na haja moja tu mu roho yake: maji imukute baba yake akiwa pembeni yake. Siyo mwaka ingine. Siyo chini ya dirisha.

Lakini Gasana alikuwa jiwe. Medali ya bale banajifunza dini ilizeeka pa shingo yake mpaka sura ya Bikira ikafutika, na hakuenda hata mara moja kuulizwa na padiri. Siyo kwamba alikuwa mupagani mukali. Ilimukwama ku ulizo moja, ile ya kwanza kabisa: Yezu ni nani? Narcisse alifundisha bantu bote kujibu pamoja, "Yezu Kristo ni Mungu kweli na muntu kweli," na hata mutoto wa kunyonya angeweza kuisema. Gasana alikataa.

"Mimi siko kasuku," anasema. "Neno yenye haijaingia mu tumbo, siwezi kuitosha mu kinywa."

Maneno ya namna ile ilikuwa inasemwa asubui na magaribi, wakati ya kukamua. Mungu hakumupa Gasana mutoto mwanaume, na kwa bantu ya ngombe mwanamuke hakamuake. Lakini kushika ndama isinyonye mbele ya wakati, hiyo hakuna mukubwa aliyeikataza. Basi Mukarugwiza njo alikuwa anashika ndama, mikono miwili pa shingo yake, na baba yake anachuchumaa chini ya ngombe na chombo ya muti katikati ya mapaja. Pale, na ngombe katikati yao, bila kuangaliana mu macho, ule mutoto wa haya alikuwa anaweza kusema.

"Kama iko Mungu," Gasana anauliza, na maziwa inalia shwaa, shwaa, "askari balimufunga kamba namna gani? Mimi mwenyewe, askari ya Leta, ile serikali ya bazungu, alikuja kunifunga juu ya kazi ya barabara, nilimukimbia mpaka mu mianzi, hata kofia yangu hakuigusa. Mungu alishindwa kukimbia?"

"Hakutaka kukimbia, Papa."

"Njo mubaya zaidi. Chefu mwenye hakimbie na hapigane, utamuita chefu?"

Ndama inavuta. Maziwa inajaa.

Sasa, mbele ya kufika mbali, inafaa kujua habari ya Mbonigaba.

Familia ya Gasana ilitoka Rwanda na ngombe yao wakati bazungu ya Leta balikuwa banapanga bantu mu milima ya Masisi. Mbonigaba yeye alikuwa wa bale balimaji balikuwa pale tangu babu wa babu. Mwanzo haikuwa urafiki. Ngombe ya Gasana ilikula maharagi ya Mbonigaba, Mbonigaba akaipiga jiwe, bibi zao bakatukanana kutoka mulima moja mpaka ingine. Lakini jirani ni jirani. Matusi ikichoka, bantu banaombana moto.

Wakati moja ya jua kali, banaume bakakusanyana kupeleka madume Mubi, kule mu pori ya Walikale, kuuzisha nyama kwa bantu ya machimbo. Mu katikati ya pori, homa ikamushika Gasana. Benzake ya ukoo yake mwenyewe bakasema: muache ku njia, atatuambukiza, na usiku inaingia. Mbonigaba, mwenye maharagi, akamuweka mu mugongo, akamufunga na nguo kama vile mama anafungaka mutoto, akapanda naye mpaka Masisi. Dume yake ilibakia mu pori. Alirudi na rafiki tu.

Gasana alipopona, balinywana. Muzee mumoja alibakata kidogo pembeni ya kitovu, akatia tone ya damu ya kila mumoja ku jani, na kila mumoja akakunywa ya mwenzake. Kisha muzee akasema maneno: usimunyime chakula, usimutoshe inje kwa adui yake, usimukane, ukimukana, damu yake yenye iko mu tumbo yako itakuvimbisha mpaka ufe. Tangu siku ile, chombo ya maziwa ilikuwa inashuka kwa Mbonigaba, na hairudi tupu. Ilikuwa inarudi na maharagi ndani, ao viazi, ao hata majani ya mateke ya shambani kama hakuna kingine. Chombo ya munywani hairudi tupu.

Kisha Mbonigaba akabatizwa, akaitwa Albert. Akafunga ndoa mu kanisa, akajifunza kusoma, akanunua koti. Habari ya damu hakuisema kwa padiri, juu mapadiri balisema kunywana ni mambo ya shetani. Na Gasana naye hakuisema popote. Lakini maziwa iliendelea kushuka.

Basi, tuko mu Kwaresima ya mwaka ile. Narcisse alifundisha juu ya Alhamisi Kuu, na magaribi Mukarugwiza akarudi akikimbia, hata maji ya kunawa miguu hakungojea. Akashika ndama.

"Papa, usiku ile, mbele ya kumufunga, Yezu alikula na rafiki zake."

"Vizuri. Muntu asikufe na njaa."

"Akashika kikombe, akabaambia: mukunywe bote, hii ni damu yangu."

Maziwa ikanyamaza.

"Alisema damu yake?"

"Damu yake, Papa. Damu ya agano."

Gasana alibakia na mukono ku chuchu ya ngombe bila kukamua. "Na bao? Balimupa yao? Kunywana haiko ya upande moja. Kama mumoja tu njo ametoa, ni zawadi, haifungi muntu."

Hiyo haikuwa mu katekisimu. Mukarugwiza alifikiri mpaka ndama ikaanza kumulamba mukono.

"Yetu alikuwa nayo, Papa," akasema polepole. "Alikaa mu tumbo ya Maria. Kule njo alikunywa yetu. Kisha akakuwa mukubwa, akatupa yake."

Ndama ikamutoroka, ikaenda kunyonya, na hakuna mumoja kati yao aliyeona. Gasana alisimama na chombo mu mukono. Uso yake ilikuwa kama ya muntu anatafuta ngombe siku nyingi, kumbe iko nyuma ya nyumba.

"Njo maana hakukimbia," akasema. "Muntu hakimbiake munywani yake."

"Njo vile."

"Basi Mungu alinywana na sisi. Hawezi kusema hatujui."

"Hawezi, Papa."

"Narcisse anapiga kelele miaka yote hii, na hakusema hiyo?" Akacheka, akamwaga maziwa kidogo chini bila kutaka. "Nitaenda kuulizwa. Kwa Pasaka hii. Umuambie mama yako atafute mwingine wa kulinda dirisha."

Mukarugwiza usiku ile hakulala vizuri, sababu ya furaha.

Habari ilienea mbio: Gasana, ule jiwe, anataka maji. Narcisse akamungojea Mukarugwiza nyuma ya mafundisho, wakati benzake balikuwa banakusanya kuni ya misioni. Inafaa kusema kweli: Narcisse alikuwa muntu mukali kwa bengine, lakini kwa ule mutoto alikuwa baba. Yeye njo alimufundisha kusoma. Yeye njo muntu wa kwanza, nje ya nyumba yao, aliyemuambia, "Sema, binti yangu, sauti yako siyo mwizi, haina haja ya kujificha."

"Mukarugwiza wangu," akamuambia, "niambie. Ni wewe ulivunja ule jiwe?"

Akaangalia vidole ya miguu. "Ni Yezu."

"Ni Yezu, ndiyo. Lakini alipita njia gani?"

Akamuambia. Akamuambia yote, kikombe, tumbo ya Maria, na kwa sababu alikuwa na furaha, na kwa sababu mwenye kuuliza alikuwa Narcisse, akaongeza: "Papa alielewa mbio, juu yeye na Papa Mbonigaba balinywanaka."

Narcisse aliacha kutabasamu kidogo, kisha akaanza tena. "Mbonigaba gani? Albert?"

"Eee."

"Albert wangu, wa koti?"

"Tangu zamani, mbele ya batisimu."

Narcisse akageuka kuangalia bonde. Kule chini, ku njia ya Kibabi, bantu balikuwa banaezeka kapela mupya. Kapela ile ilikuwa inatafuta katekista yake, na bote balisema itakuwa Mbonigaba. Narcisse yeye alikuwa na mudogo yake, Straton, mwenye kukaa bila kazi. Hiyo pia bantu balijua, lakini Mukarugwiza hakufikiria. Mutoto anafikiriaka mukubwa anaangalia bonde juu bonde iko muzuri.

"Neno hii ni tamu sana," Narcisse akasema. "Ikae kati yetu bawili." Akafungua kitabu yake ya sala, akatosha picha ya Moyo Takatifu, yenye rangi nyekundu na ya zahabu, akamupa. "Usioneshe benzako, bataona wivu."

Mukarugwiza akaificha mu nguo, pa kifua.

Siku ya kuulizwa ilifika, juma mbele ya Matawi. Bantu balijaa mu baraza ya padiri, bengine mu ngazi, bengine mu majani. Mukarugwiza aliulizwa asubui akajibu vizuri. Akakaa ku nguzo kungojea baba yake. Gasana alikuja na nguo ya kuazima, imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe.

"Papa Gasana, leo nani analinda ngombe?" mumoja akamuchokoza.

"Dirisha."

Bakacheka. Halafu Mukarugwiza akaona Mbonigaba pia anapanda ngazi, mu koti yake, na Narcisse anamuonesha fasi ya kusimama mbele ya padiri. Mbonigaba hakuwa wa kuulizwa, alikwisha kubatizwa. Mutoto akagusa picha pa kifua yake.

Padiri alikuwa muzungu wa ndevu, mwenye kuchoka. Hakupiga kelele. "Albert," akasema, "nimesikia ulikunywa damu na huyu Gasana, na ulinificha. Kama ni kweli, utasema kweli hapa, utaikataa, na kapela ya chini itapata muntu mwingine. Kama ni uongo, sema ni uongo."

Mbonigaba aliangalia kifungo ya koti yake, akaizungusha.

"Mimi, Padiri? Simujui ule muntu."

"Humujui? Muko majirani."

"Ninajua ngombe yake, sababu inakulaka maharagi yangu. Yeye mwenyewe simujui."

Bantu bengine bakacheka, juu ilikuwa inachekesha. Gasana pia alianza kucheka, akifikiri ni muchezo ya bonde na mulima kama zamani. Kisha akaona koti haigeuki upande wake, na cheko ikamubakia mu meno.

"Na kovu yenye iko pa tumbo yako?" Narcisse akauliza.

"Ni ya dawa. Balinichanja nikiwa mutoto. Muulize mama yangu."

"Mama yako alikufa."

"Basi umungojee."

Padiri akainua mukono. "Gasana. Wewe unasema nini? Unamujua?"

Mukarugwiza ku nguzo alielewa, hata mbele ya bakubwa. Njia ilikuwa wazi kama mulango ya zizi. Baba yake aseme tu, "Mimi pia simujui," na ingekwisha: Mbonigaba na kapela yake, Gasana na maji yake, na bote banakwenda kula. Alitaka aseme. Aliomba Mungu ili baba yake aseme, na papo hapo akaona haya ya maombi yake.

"Padiri," Gasana akasema, "hiyo siwezi kusema."

"Basi ulinywana naye."

"Hiyo pia sijasema."

"Lazima moja ao ingine!"

"Kwa wewe, ndiyo."

Padiri akapangusa uso. Pengine alimuhurumia, pengine jua tu ilikuwa kali. Akaacha ile mambo, akashika njia yenye alijua. "Gasana, tufanye kazi yetu. Yezu ni nani?"

Gasana aligeuka, akamuangalia Mbonigaba kwanza. Alimuangalia mugongo, ile mugongo yenye ilimutosha mu pori ya Walikale. Kisha akamuangalia padiri.

"Njo ule hajasema hanijui."

"Hiyo haiko jibu," padiri akasema.

"Jibu ingine ninaijua. Mungu kweli na muntu kweli. Bote hapa banaijua, hata huyu wa koti. Lakini umeniuliza mimi."

"Utarudi mwaka kesho, Gasana. Mwenye kukataa kuacha mambo ya damu, siwezi kumupa maji. Damu ya Yezu inatosha."

"Ndiyo," Gasana akasema. "Njo vile na mimi niliambiwa."

Akashuka ngazi. Mbonigaba alibakia akizungusha kifungo, na kapela ilikuwa yake.

Ku njia, Gasana alitembea mbele, Mukarugwiza nyuma. Pa kijito akasimama bila kugeuka.

"Neno ya damu yetu, nani alimuambia Narcisse?"

Angeweza kunyamaza. Baba yake asingemulazimisha. "Ni mimi, Papa."

"Alikuuliza, ao ulimupelekea?"

"Aliniuliza. Akasema itakaa kati yetu bawili."

"Alikupa nini?"

Mukarugwiza akaingiza mukono mu kifua, akatosha picha. Ilikuwa imelowa na jasho. Gasana akaipokea, akaangalia ule Yezu wa moyo inje, akaangalia muda murefu. Kisha akamurudishia na mikono miwili, kwa heshima, kama vile unarudisha kintu ya mugeni. Hakumupiga. Angemupiga ingekuwa afadhali.

Magaribi ile, aliita, "Daphrose! Kuja kushika ndama."

Daphrose alikuwa na miaka sita. Ndama ilimuvuta mu zizi yote kama fagio, na Gasana akakamua nusu tu, na kesho yake akamuita tena Daphrose.

Pasaka ikafika. Mukarugwiza alivaa nguo nyeupe. Padiri alimuuliza kama anamuamini Yezu Kristo, Mwana wa pekee wa Mungu, aliyezaliwa, aliyeteswa, na sauti yake ilitoka wazi mpaka bamama ya nyuma balishangaa: "Ninamuamini." Alisema kwa nguvu ili ifike inje. Hakujua kama ilifika. Maji ilikuwa baridi. Bakamuita Emérita.

Ku mulango, Narcisse alikuwa anapana mukono kwa babatizwa bapya. Mudogo yake Straton hakupata kitu, na macho ya Narcisse ilikuwa na usingizi mubaya, lakini kwa ule mutoto alicheka kama zamani. "Emérita wangu! Kuja nikupe mukono."

Mukarugwiza akamutilia picha ya Moyo Takatifu mu kiganja.

"Hii ni nini?"

"Ni ya ile neno yetu bawili," akasema, na bantu bote ya nyuma banasikia. "Neno haiko tena yetu bawili. Chukua."

Ilikuwa mara ya kwanza kumuona Narcisse akiangalia vidole ya miguu.

Nyuma ya Pasaka mvua ilianza, na pamoja na mvua, habari. Kwamba Mbonigaba hakule. Kwamba anafundisha mu kapela akishika tumbo. Kwamba usiku anaamusha bibi yake: niguseguse, nimevimba? Bantu bakasema wazi, ni damu ya Gasana inamudai. Bengine bakapita ku nyumba ya Gasana bure, kuangalia tu kama atafurahi. Gasana hakufurahi. Maziwa haikushuka tena, lakini chombo ya Mbonigaba alikuwa anaiosha na kuitundika kila siku fasi yake.

Nyiramana, bibi ya Mbonigaba, njo alipanda mulima akiwa amelowa mpaka mifupa. Alipiga magoti ku mulango.

"Shemeji, umuambie damu imuache. Kwa muganga wa Leta banasema hana kitu, lakini anakauka. Kifua inakwisha, tumbo tu njo inabakia."

"Damu haiko imbwa yangu, niipigie muluzi irudi," Gasana akasema. "Anafundishaka bantu kama Yezu ni Mungu. Amuombe yeye."

"Anaogopa wewe kuliko Yezu."

Mukabaranga ku moto alicheka kwa hasira. "Basi kapela bamupe Gasana!"

Nyiramana akakunywa uji ya moto, akashuka na mvua. Gasana alikaa. Wakati ya kukamua ilipofika, alitoka, na Daphrose akaanza kufunga nguo yake ili amufuate.

"Wewe baki," Mukarugwiza akasikia baba yake akisema. "Unavutwa kama kamba. Mukarugwiza! Ndama."

Akaenda mbio, na alishika shingo ya ile ndama kwa nguvu mpaka ikalia. Maziwa ilijaa mu chombo mpaka povu ikapanda. Chombo ilikuwa ile ya Mbonigaba.

"Peleka," Gasana akasema.

"Kwa ule muntu?" Machozi ikamutoka, ya siku yote ile. "Papa, alikukana! Mbele ya bantu bote! Sababu ya kapela!"

"Nilikuwa pale. Sina haja unielezee. Peleka, na umuambie neno moja." Akamuambia.

Alishuka kesho yake asubui mbio, chombo ku kichwa, na kila fasi yenye njia ilikuwa inateleza alifikiri: nitaimwaga, nitasema nilianguka. Hakuimwaga. Alipokaribia kapela alisikia sauti ya batoto. Mbonigaba alikuwa amesimama mbele yao, koti inamulegea ku mabega kama ya kuazima, mukono moja pa tumbo.

"Yezu ni nani?" alikuwa anauliza.

"Yezu Kristo ni Mungu kweli na muntu kweli!" batoto bakapiga kelele.

Akamuona. Akaona chombo. Batoto bakageuka kuangalia. Mukarugwiza alitembea mpaka mbele yake, akatua maziwa, na hakuangalia vidole.

"Baba yako," Mbonigaba akasema, "baba yako amesema nini?"

"Amesema nikuambie: yeye anakujua."

Mbonigaba alikaa chini ku udongo, mu koti yake. Aliangalia maziwa kama vile muntu anaangaliaka mutego. Alishika chombo, akaishusha, akaishika tena. Kisha akakunywa. Alikunywa bila kupumua, mpaka mwisho, povu ku ndevu, na batoto ya katekisimu bakimuangalia.

"Atakuja?" akauliza.

"Hakusema."

"Na mimi... nikipanda kule..."

Mukarugwiza alingojea amalize. Mbonigaba hakumaliza. Akamurudishia chombo. Akageukia batoto yake, na sauti ilikuwa na nguvu kidogo: "Tena! Yezu ni nani?"

Alipanda mulima na chombo mu mukono, siyo ku kichwa. Baba yake alikuwa anamungojea ku zizi, akijifanya kutengeneza lango.

"Alikunywa?"

"Alikunywa yote."

Gasana akapokea chombo, akaangalia ndani. Hakukuwa na haragi hata moja. Hakukuwa hata na jani ya teke. Akaigeuza, kama vile kintu inaweza kuwa imeshikamana chini. Kisha akaenda kuitundika fasi yake.

"Atapona," akasema.

Alipona. Siku kidogo tu, bantu bakamuona shambani akilima, akila, akipigia bibi yake kelele. Lakini hakupanda mulima.

Siku ya yenga, Mukarugwiza hakukaa tena mbele na babinti bengine. Alitafuta fasi pembeni ya dirisha. Wakati padiri aliinua kikombe na kusema maneno ya damu, bote bakapiga magoti, na yeye akainua kichwa kidogo, akaona inje. Baba yake alikuwa ametosha kofia. Lakini hakuangalia upande wa altari. Alikuwa anaangalia chini, ku njia yenye inatoka Kibabi, kwa Mbonigaba, kwenye hakuna muntu.

Nyuma ya misa akamufuata mu majani.

"Papa, ulikuwa unaangalia nini?"

"Njia," Gasana akasema, akipangusa magoti. "Nilikuwa ninaangalia kama imekauka. Mvua isikuwe sababu."